Mkutano wa Mtu Mmoja

MTU KABISHA HODI! Jamani, mtu kabisha hodi nyumba ya Zeta Omikroni, tena Jumatatu, tena katikati ya mkutano! Najua hadithi haianzwi hivi, lakini hilo ndilo jambo tamu kuliko yote yaliyompata Tobin Hruska mwaka ule mzima, na kulikalia kimya mpaka mlifikie wenyewe siwezi, nitapasuka. Haya, tulieni sasa niwape tangu mwanzo. Bila mwanzo hamtaelewa kwa nini kijana mzima, mrefu kama nguzo ya umeme, sauti impasuke kwa sababu ya hodi.

Tobin ni mtoto wa shamba. Kwao ni mahindi na nguruwe, halafu mahindi tena. Kazaliwa peke yake, hana kaka hana dada, na alipokuwa mdogo mwenzake wa kucheza besiboli alikuwa ukuta wa ghala: yeye anarusha, ukuta unarudisha. Alipokuja chuoni Plum Fork, mwaka wa kwanza, alikaa bwenini wiki nzima nzima bila kusema na mtu zaidi ya "samahani" na "asante". Siku moja bwalo la chakula, vijana wa Zeta Omikroni wamejazana meza moja wanapigana vijiko, wakamwona kajikunja pembeni na sinia lake. Mmoja akapaza sauti, "Wewe mrefu, unamlindia nani hiyo meza? Njoo huku!"

Basi. Kwa neno hilo tu akapata ndugu wanane.

Maana nyumba zile za vyama vya udugu vya wanafunzi, zenye majina ya herufi za Kigiriki, ndivyo zilivyo. Ukishaingizwa, umeingizwa. Mnalala humo, mnakula humo, mnaibiana soksi, na hata ukiwa na mvi ukikutana na mwenzako uwanja wa ndege unamwita ndugu na anakununulia kahawa. Tawi la Plum Fork lilikuwa na umri mkubwa kuliko bibi wa mtu yeyote pale mjini. Shida ni moja: wale wanane wote walikuwa wakubwa, na baada ya Tobin hakuna mwingine aliyejiunga. Vijana siku hizi wanaona wana simu, ndugu wa nini. Mei ikafika, wanane wakavaa majoho, wakahitimu. Kabla hawajaondoka wakamkabidhi Tobin kile kinyundo cha mti cha kugongea meza ya mkutano.

"Mdogo wetu, usiache uzimike," akasema mmoja wao.

"Uzimike nini?"

"Moto, bana! Tawi! Unatuharibia, tulikuwa tunalia vizuri hapa."

Wakacheka, wakamkumbatia mpaka mbavu zikauma, wakaingia magari yao. Huyu honi, yule honi. Halafu barabara ikawa kimya.

Agosti Tobin akarudi, peke yake ndani ya nyumba ya ghorofa tatu. Siku hiyo hiyo simu ikalia. Ni Bi Lorraine Pfeifer, mama wa makao makuu ya chama, yule anayezunguka kukagua matawi.

"Tobin mwanangu, hujambo? Sheria unaijua. Mwisho wa Aprili tawi liwe na watu watano walioingizwa sawasawa. Pungufu ya hapo nakuja kushusha hati ya tawi ukutani, na nyumba inafungwa."

"Ndiyo, mama."

"Mko wangapi sasa?"

"Aah, ndio tunaanza anza."

"Tobin."

"Mmoja."

"Nani?"

"Mimi."

Bi Lorraine akavuta pumzi mpaka ikasikika. "Haya baba. Kula vizuri."

Kula vizuri! Mpishi alishaachishwa, angempikia nani? Meza ya chakula ni ile ndefu ya kukaa watu thelathini, na Tobin alijaribu kukaa kwenye kiti cha mkuu wa meza siku ya kwanza akajiona kama mfiwa. Akawa anakula kornifleksi amesimama jikoni, mgongo kwenye ubavu wa friji, kwa sababu friji lilikuwa na joto na lilikuwa linanguruma. Kitu kinachonguruma si haba.

Sasa hapa ndipo mtamjua Tobin ni mtu wa namna gani. Pale ukutani jikoni kuna gurudumu la karatasi ngumu la zamu za kazi: vyoo, deki, taka, vyombo, na majina ya ndugu pembeni. Mwingine angelitupa. Tobin alifuta majina ya wale wanane, akaandika Tobin, Tobin, Tobin, kuzunguka lote, na kila Jumapili akawa analizungusha kama kawaida! Kuna siku alikuta choo cha juu hakijaguswa, akapandwa na hasira kwelikweli, akateremka ngazi mbio kwenda kuangalia ni zamu ya mjinga gani.

Na mikutano je? Kila Jumatatu saa kumi na mbili jioni, tai shingoni, sebule kubwa. Anagonga kinyundo. Anaita majina: "Ndugu Hruska?" Anajibu, "Nipo." Anasoma mambo ya wiki. Bomba la maji limetengenezwa, theluji ikianza nani atasukuma (atasukuma Ndugu Hruska). Mwisho anauliza kwa sauti kubwa, maana katiba yao inasema swali hili liulizwe lisikike mpaka nyuma, "Kuna anayepinga?"

Ananyamaza kidogo, kama inavyotakiwa.

"Hakuna. Imepita."

Anagonga tena, anavua tai, anaenda kwenye friji lake.

Septemba ndipo inapokuja wiki ya kukaribisha wageni, mwaka wa kwanza wanazunguka nyumba moja baada ya nyingine kuchagua watajiunga wapi. Na hapo, jamani, Tobin akafanya kosa. Alijiambia hivi: nani atajiunga na nyumba yenye mtu mmoja? Kwa hiyo watu wawepo! Akawasha taa vyumba vyote. Akapanga viatu mlangoni, vyake vyote, mpaka raba za zamani za mazoezi na mabuti ya shambani aliyomwomba mama yake amletee. Akatupa makoti kwenye viti kama watu wameyavua sasa hivi. Halafu, kubwa kuliko, kwenye simu yake alikuwa na video ya sherehe ya mwaka uliopita, wale wanane wanacheka, wanabishana, wanaimba ovyo. Akaiunganisha na spika, akaiweka chumba cha ghorofa ya pili, akafunga mlango.

Wageni wakaja, kama watano hivi. Tobin kawapikia maharage ya chili na mikate ya mdalasini, simu kwa mama kila dakika, "Mama, sasa niweke chumvi?" Ikatoka tamu. Wakala. Juu kelele zinasikika, hahahaha.

"Hao wenzako mbona hawashuki?" akauliza mmoja.

"Wana mtihani kesho. Wanasoma."

"Wanasoma wanacheka hivyo?"

"Ni somo la... falsafa."

Kati ya wale wageni kulikuwa na kijana mfupi, miwani, mdomo haupumziki, anaitwa Devlin Ochs. Akaomba choo. Choo cha chini kilikuwa kibovu siku hiyo, bomba lile lile limeharibika tena, akapanda juu. Tobin anataka kumzuia, mwiko uko mkononi, mwingine anamuuliza habari za ada, hivi na hivi, akachelewa.

Devlin akashuka taratibu. Kasimama ngazi ya mwisho, anapangusa miwani.

"Kaka," akasema, "huko juu kuna spika imelala kitandani. Inacheka."

Na video ndiyo ikafika pale pa wimbo.

Mmoja akacheka, wakacheka wote. Mwingine akauliza hivi viatu vyote ni vya nani, akainua raba, akainua buti, akasema mbona vyote saizi ya jahazi! Tobin masikio yamewiva kama nyanya. Dakika chache baadaye sebule tupu, mabakuli yamebaki na maharage yake. Devlin ndiye wa mwisho kutoka, na mlangoni aligeuka kama anataka kusema kitu, akasema tu, "Chili ilikuwa nzuri."

Tobin akapanda juu kuzima ile spika. Hakuizima. Alikaa kitandani pembeni yake mpaka video ikaisha, akairudisha mwanzo, akaisikiliza tena.

Kesho yake chuo kizima wanajua. Jirani yake ni nyumba ya Gama Ro, wale wengi, wale wenye meza ya mpira barazani, na rais wao ni Grady Vanderlaan, kijana hodari wa kutania mpaka unatamani kuhama nchi. Tobin akipita tu:

"Tobin! Spika zako hazijambo?"

"Hazijambo."

"Zimefaulu falsafa?"

Na baraza zima linaanguka kwa kicheko. Tobin anatabasamu, maana ukikasirika unaongezewa, anaingia kwake, anafunga mlango.

Oktoba ikaja sikukuu ya wazee waliosoma zamani kurudi chuoni. Kila nyumba inatengeneza gari la mapambo, linapita barabara kuu kabla ya mechi. Tobin akachukua pikapu ya baba yake, akaifunga mabua ya mahindi na karatasi za rangi, akaendesha mwenyewe na kupunga mkono mwenyewe, huku usukani anaushika kwa magoti. Watu walipiga makofi, nao ni watu wema. Baadaye wazee wa Zeta Omikroni wakaja nyumbani na wake zao, wakapanda na kushuka, "Hapa ndipo nilipolala mimi! Dirisha hili ndilo aliloangukia yule!" Mmoja akamshika Tobin bega, akauliza, "Na wenzako, kijana?" Tobin akasema wametoka kidogo. Yule mzee akatazama gurudumu la zamu pale jikoni, Tobin Tobin Tobin, hakuuliza tena. Jua halijazama wote wameshaondoka, na keki nusu iko mezani.

Kuna hii ya picha nayo lazima niwape. Kila mwaka mpiga picha anakuja, anapiga kila ndugu uso wake, halafu nyuso zote zinapangwa kwenye fremu moja kubwa na kutundikwa ukumbini. Ukuta mzima pale ni fremu, miaka na miaka, nyuso kama mayai kwenye trei. Mpiga picha akaja na mataa yake, akafungua viti vya kusubiria.

"Waite basi."

"Ni mimi tu."

"Wengine wana kipindi?"

"Hakuna wengine, mzee."

Yule bwana akakunja kiti kimoja, akakunja na kingine. "Basi kaa, baba. Nitakupiga nyingi, uchague unayopenda."

Fremu ikaletwa Desemba, kubwa ile ile ya kawaida. Nyeupe tupu, na katikati kabisa uso mmoja. Chini ya uso wameandika: Tobin Hruska. Rais, Katibu, Mweka Hazina, Kasisi. Wote yeye! Grady alikuja kuazima koleo la theluji, akaiona pale ukumbini, akasimama mbele yake muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Bwana Rais," akasema mwisho, "msalimie Katibu wako."

"Zimefika."

"Na Kasisi mwambie atuombee, tuna mtihani wa kemia."

Lakini hakucheka sana. Akachukua koleo, akasukuma na theluji ya mlango wa Tobin, akaenda zake.

Na baridi ya kule, jamani. Krismasi alikwenda kwao akarudi mapema, eti aangalie mabomba yasigande. Mama yake akamwambia, "Tobin, nyumba si mtoto mchanga." Akarudi hivyo hivyo. Januari nzima alikuwa anahama chumba hadi chumba, wiki hii chumba hiki, wiki ijayo kile, asione kimoja kimekaa kitupu sana. Alikuwa amezoea kusema "samahani" akifungua milango.

Sebule kubwa ilikuwa na bomba la joto lililoharibika, halipungui, ukikaa na tai utayeyuka. Kwa hiyo Jumatatu Tobin anafanya mkutano dirisha wazi, theluji nje, jasho ndani. Anagonga. Ndugu Hruska? Nipo. Anasoma mambo ya wiki.

Jumatatu moja ya Machi alifika pale mwisho. Sauti ilikuwa imechoka, alikuwa na mafua pia.

"Kuna anayepinga?"

Akanyamaza, kama inavyotakiwa.

Ko, ko, ko.

Mlango wa mbele! Tobin akafikiri ni bomba. Ko, ko, ko. Kanuni yao wakati wa mkutano hufungui mlango hivi hivi, lazima aliye ndani aulize. Na tangu Mei iliyopita hakuna mtu aliyekuwa amemfanya aulize.

"Nani huko," akasema, na sauti ikapasuka, akarudia, "nani huko, na unataka nini?"

"Ni mimi! Devlin! Nimekuja kupinga!"

"Unapinga nini?"

"Fungua kwanza, naganda!"

Akafungua. Devlin Ochs huyo, miwani imejaa ukungu, kofia mpaka kwenye nyusi.

"Napita hapa kila Jumatatu nikienda mazoezi ya kwaya," akasema, maneno yanamwagika kama kawaida yake. "Dirisha lako liko wazi. Kila Jumatatu nasikia, kuna anayepinga, kuna anayepinga, na hakuna anayekujibu. Inanikera, kaka! Kwaya yenyewe siimbi vizuri, nakuwaza wewe. Leo nikasema potelea mbali, napinga."

"Lakini unapinga nini?"

Devlin akafikiri. "Jambo la kwanza lilikuwa nini leo?"

"Kwamba Ndugu Hruska aendelee kupiga deki sebule."

"Napinga. Iko safi mno. Inatisha."

Tobin akarudi mezani, akasimama vile vile na tai yake. Kinyundo mkononi. Hakujua kanuni inasemaje, maana hakuna aliyewahi kupinga.

"Basi," akasema, "haijapita."

Wakala kolachi za plamu, vile vikate vitamu vyenye tunda katikati, zilizotoka kwa mama yake, wameketi, kwenye meza ile ndefu, wawili, kona moja. Kumbe Devlin naye, yule wa mdomo mrefu, mwenzake wa chumbani aliacha chuo Januari, kitanda cha pili kiko wazi, na usiku anaongea na redio. Mtu anayeongea sana watu hudhani ana wa kuongea naye.

Wiki ile ile Tobin akampa kadi ya mwaliko, na Devlin akaikubali kabla hajamaliza kusoma. Kujifunza mambo ya chama kabla ya kuingizwa kunachukua wiki kadhaa, na Tobin, mtu wa sheria, hakuruka hata ukurasa. Huku wanatafuta wengine. Walibandika matangazo, walipika chili tena, Devlin alisimama bwalo la chakula juu ya kiti akahutubia. Walicheka, walikula, hawakujiunga. Ile habari ya spika ilikuwa bado inatembea.

Siku chache kabla Bi Lorraine hajaja, Grady akaruka ua.

"Sikilizeni. Nina madogo watatu pale kwangu. Nawakopesha. Watavaa tai, watakaa sebuleni, mama akihesabu anahesabu watano, akiondoka wanarudi kwangu. Nani atajua?"

Tobin alishawishika. Tusimhukumu. Aliitazama ile hati ukutani, karatasi ya kahawia ndani ya kioo, na akaona kabisa jinsi ambavyo ingebaki pale. Alikuwa ameshafungua mdomo kusema asante, nadhani, ndipo Devlin akauliza, huku anatafuna:

"Watacheka wenyewe, au utawawekea spika?"

Tobin akafunga mdomo.

"Grady, asante," akasema baadaye. "Umefanya uungwana. Hapana."

"Watafunga, mwanangu."

"Najua."

Jumamosi ya mwisho ya Aprili Bi Lorraine akafika, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa, viatu vya kutembelea. Alikuta nyumba inang'aa. Akazunguka, akaona fremu ya uso mmoja, akasimama hapo, akavua miwani na kuivaa tena.

"Mko wangapi, mwanangu?"

"Wawili, mama. Na huyu bado hajaingizwa. Tulipanga iwe Jumatatu."

"Jumatatu hakuna tawi, Tobin."

"Najua, mama."

Bi Lorraine akamtazama Devlin, ambaye kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa kimya. Akatazama hati. Akatazama saa yake ya mkononi.

"Mimi sijala tangu Omaha," akasema. "Nitakwenda pale mgahawani kona, nitaagiza supu, na halafu nitaagiza pai, na nakula polepole sana, meno yangu si mazima. Mpaka nitakaporudi na kuishusha ile hati, hapa ni tawi. Mnanielewa?"

Walimwelewa! Hajafika hata kwenye lango, mapazia yamefungwa.

Yaliyofanyika humo ndani siwezi kuwaambia, ni siri yao, na hata ningejua nisingesema. Ninachoweza kusema ni kilichosikika nje, maana Bi Lorraine alirudi akakaa garini na boksi la pai mapajani na hakushuka. Ilisikika sauti ya Tobin, nzito, ya taratibu. Ilisikika ya Devlin inarudia maneno. Kitu kikaanguka, kikavunjika. "Samahani!" "Endelea tu, endelea!" Halafu Tobin anaita majina, na safari hii baada ya "nipo" yake ikatoka "nipo" nyingine, nyembamba, kwa nguvu zote.

Bi Lorraine akangoja tena kidogo ndipo akashuka. Tobin alimshikia kiti mwenyewe, mama akapanda, akaishusha hati. Ukutani pakabaki pembe nne safi, nyeupe, na msumari.

"Nimefunga nyumba nyingi," akasema huku anaifunga kwenye shuka, "lakini huwa nakuta makopo ya bia na panya. Sijawahi kukuta kumepigwa deki." Akaweka mkono shavuni kwa Tobin. "Ufunguo, baba."

Akautoa. Haukutoka vizuri kwenye mnyororo, Devlin akamsaidia.

Sasa mitihani ilikuwa bado, na Tobin hana pa kulala. Devlin akasema, "Kitanda si kipo?" Wakabeba godoro la Tobin, kwa sababu la bwenini ni bovu, wakalipitisha katikati ya chuo mchana kweupe, huyu mrefu huyu mfupi, godoro limelala upande kama ng'ombe anayeteremka mlima. Baraza la Gama Ro limejaa.

"Bwana Rais!" Grady akaita. "Unahama ikulu?"

"Nahama," Tobin akasema.

Hakukuwa na kicheko. Grady akashuka ngazi, akasema, "Mnaliburuza, mtalichana, lete huku," akashika pembe ya upande wa Devlin. Wakaenda hivyo mpaka bwenini. Tobin aligeuka mara moja tu. Nyumba ilikuwa vile vile, ila madirisha yamefungwa yote, hata lile la sebule, na mtu asiyejua angepita tu.

Chumba cha Devlin ni kidogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta. Wakatupa godoro.

"Kitanda cha dirishani changu," Devlin akasema. "Usijaribu."

"Nani mkubwa hapa?"

"Mkubwa wa nini? Tawi limefungwa."

Hilo lilimwingia. Tobin akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mirefu katikati ya magoti, akatazama viatu. Devlin akaona amekosea, akakohoa, akahangaika na miwani. Mwisho akachukua mto wake mwenyewe, ule mzuri, akamtupia.

"Haya chukua dirisha," akasema. "Lakini mimi nakoroma, nakuonya mapema, ndugu yangu. Nakoroma vibaya sana."

"Koroma," Tobin akasema. "Koroma tu."

Umemaliza kusoma? Basi mtumie na mwenzako asome.